Urithi na Udhaifu wa Mifupa: Maswali ambayo Mwanamke Aliyekoma Hedhi Awaulize Jamaa Zake

Mama mzee anapoletwa hospitali hapa Mombasa akiwa amevunjika nyonga, aghalabu pembeni ya machela huwa yupo binti yake, ameshika mkoba na karatasi za bima. Daktari humshughulikia mama, kama inavyostahili, na binti huambiwa asubiri nje au akatafute dawa. Kwa maoni yangu binti huyo, ambaye mara nyingi ana umri wa miaka hamsini na kitu na hedhi yake imekoma au inaelekea kukoma, ni mgonjwa wa pili ambaye hajafunguliwa faili. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake, na kwa kila mwanamke ambaye mama, baba au bibi yake aliwahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu.

Mfupa ni kiungo hai. Kila siku zipo chembe zinazobomoa sehemu zilizochakaa, na zipo nyingine zinazojenga upya mahali palipobomolewa. Utotoni na ujanani ujenzi huushinda ubomoaji, na mwanamke hufikia kilele cha uimara wa mifupa yake kabla ya kutimiza takriban miaka 30. Baada ya hapo kazi hizo mbili hukaribia kulingana, mpaka hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni, ambayo wakati huo ovari huacha kuitoa kwa wingi, ndiyo iliyokuwa ikizizuia chembe za ubomoaji zisipite kiasi. Inapopungua, protini iitwayo RANKL, ambayo kazi yake ni kuziamsha chembe hizo, hupata nguvu, na mfupa huanza kubomolewa haraka kuliko unavyojengwa. Katika miaka michache inayouzunguka ukomo wa hedhi, uti wa mgongo huweza kupoteza karibu asilimia 2 ya madini yake kila mwaka, na baadaye kasi hupungua bila kusimama kabisa.

Hayo humpata kila mwanamke, kwa hiyo yafaa kuuliza kwa nini majirani wawili waliokoma hedhi mwaka mmoja, wote wenye miaka 68, mmoja aanguke kwenye ngazi za nyumba yake Kibokoni ainuke akijikung'uta, na mwingine ateleze ukumbini avunjike kiungo cha mkono. Sehemu kubwa ya jibu ni urithi. Watafiti waliolinganisha pacha wa kufanana, ambao jeni zao, yaani vinasaba wanavyorithi kutoka kwa wazazi, ni zilezile, na pacha wasiofanana, wamekadiria kwamba kati ya asilimia 50 na 85 ya tofauti za wiani wa mifupa zilizopo baina ya watu hutokana na jeni. Wiani ni kiasi cha madini kilichoshikamana ndani ya mfupa, na ndio unaopimwa kwa mashine.

Takwimu hiyo husomwa vibaya mara nyingi, hata na watu waliosoma. Haina maana kwamba sehemu hiyo ya mfupa wa mtu mmoja imeamuliwa tangu tumboni na kwamba iliyobaki ndiyo anayoweza kuitunza. Inaeleza tofauti baina ya watu, katika jamii iliyochunguzwa na kwa maisha waliyokuwa wakiishi. Urefu wa mwili ni mfano wa karibu: mtoto wa wazazi warefu hutazamiwa kuwa mrefu, lakini akikosa lishe utotoni hatafikia kimo alichojaliwa. Tena urithi hujitokeza zaidi katika kilele cha ujanani kuliko katika kasi ya upungufu baada ya hedhi kukoma. Mwanamke aliyerithi kilele cha chini huingia katika miaka ya upungufu akiwa na akiba ndogo, na hata akipoteza kiasi kilekile anachopoteza mwenzake, yeye huufikia udhaifu mapema zaidi.

Jeni zenyewe zimetafutwa kwa muda mrefu, na safari hiyo imekuwa na matumaini yaliyopita mipaka. Mwaka 1994 watafiti wa Australia walitangaza kwamba jeni moja, ile ya kipokezi cha vitamini D (protini inayoipokea vitamini hiyo ndani ya chembe), inaeleza sehemu kubwa ya urithi wa wiani wa mifupa. Habari hiyo ilisisimua wengi, lakini tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikuithibitisha. Leo inajulikana kwamba hakuna jeni moja ya udhaifu wa mifupa kwa wanawake walio wengi. Uchunguzi uliotumia data za watu 426,824 kutoka hazina ya afya ya Uingereza, UK Biobank, ulibainisha maeneo 518 katika vinasaba yanayohusiana na wiani wa mfupa uliokadiriwa kwa mawimbi ya sauti kwenye kisigino, na yote kwa jumla yalieleza takriban asilimia 20 tu ya tofauti zilizoonekana. Kila eneo huongeza au kupunguza kidogo sana. Mengine yamo katika jeni za kipokezi cha estrojeni, mengine katika mfumo ule wa RANKL, na mengine katika njia iitwayo Wnt, inayoziamuru chembe za ujenzi zifanye kazi.

Njia hiyo ya Wnt inastahili maneno zaidi, kwa sababu imetufundisha kupitia familia chache zenye hali adimu. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba watoto waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili nakala mbovu ya jeni ya LRP5, iliyo sehemu ya njia hiyo, huwa na mifupa dhaifu mno inayovunjika tangu utotoni, na hupoteza uwezo wa kuona. Mzazi mwenye nakala moja mbovu huona vizuri, lakini wiani wa mifupa yake huweza kuwa chini ya kawaida. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba mabadiliko ya aina nyingine katika jeni hiyohiyo huipa baadhi ya familia, zikiwemo za Marekani, mifupa mizito na imara kupita kiasi. Hapa Pwani, ambako zipo familia zinazooana binamu kwa binamu vizazi kwa vizazi, jambo hili lina uzito wake: nakala mbovu ya jeni adimu huweza kukutana na mwenzake kwa urahisi zaidi wazazi wanapokuwa na babu mmoja. Silisemi kwa kulaumu ndoa hizo, zenye heshima na sababu zake. Nasema tu kwamba familia yenye mtoto aliyevunjika mifupa mara kwa mara na mwenye tatizo la macho tangu utotoni inafaa ielekezwe kwa mtaalamu wa jeni, na shangazi na mama wa mtoto huyo wapimwe mifupa yao wanapokoma hedhi.

Katika bara letu hili, baadhi ya familia za Makaburu wa Afrika Kusini zina maradhi adimu yanayoufanya mfupa ukue kupita kiasi kwa sababu ya hitilafu katika jeni ya SOST, inayotengeneza protini ya sklerostini. Kutokana nao ilieleweka kwamba sklerostini ndiyo inayoupunguza ujenzi wa mfupa. Dawa ya romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake waliokoma hedhi wenye hatari kubwa ya kuvunjika, huizuia protini hiyo. Vivyo hivyo denosumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2010, huizuia RANKL.

Je, mwanamke wa Mombasa apime jeni zake ili ajue hatima ya mifupa yake? Kwa sasa jibu langu ni hapana. Watu wengi waliochunguzwa katika tafiti hizi kubwa wana asili ya Ulaya, na alama za hatari zinazotungwa kutokana na vinasaba vyao hubashiri vibaya zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Tukiongeza kwamba nyumba moja ya Mji wa Kale inaweza kuwa na damu ya Mijikenda, ya Hadhramaut na ya Baluchistan kwa pamoja, utaona kwa nini majibu ya kipimo cha mate kilichotumwa ng'ambo hayapaswi kumtisha mtu wala kumpa utulivu usio na msingi. Kwa fedha hizo ni afadhali apimwe mfupa wenyewe.

Kipimo cha urithi chenye manufaa zaidi ni mazungumzo na jamaa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Fomula ya FRAX, iliyotolewa mwaka 2008 ili kukadiria hatari ya kuvunjika ndani ya miaka 10, ina swali moja tu la ukoo: je, baba au mama aliwahi kuvunjika nyonga? Akina mama wengi husahau upande wa baba, wakidhani kwamba haya ni mambo ya wanawake peke yao. Jeni za mifupa hutoka pande zote mbili, kwa hiyo habari za bibi mzaa baba zina thamani sawa na za bibi mzaa mama.

Tatizo ni kwamba katika familia nyingi mvunjiko wa nyonga haukuwahi kupewa jina hilo. Hadithi husimuliwa kwamba bibi alianguka msalani, akabebwa hadi kitandani, hakuinuka tena, na baada ya miezi michache akafariki. Hakukuwa na eksirei, na kifo kikahesabiwa kuwa cha uzee. Kwa hiyo usiulize, "Bibi alikuwa na ugonjwa wa mifupa?" kwa maana utajibiwa hapana. Uliza hivi: "Bibi alianguka akashindwa kutembea tena? Mguu mmoja ulikuwa umegeuka nje au umekuwa mfupi?" Uliza pia kama mgongo wake ulipinda uzeeni. Mara nyingine dalili ipo mbele ya macho na haisomwi: mama mwenye buibui lililoshonwa miaka kadhaa iliyopita, lililokuwa likimfika kwenye vifundo vya miguu, leo linaburura sakafuni na upindo wa mbele umechakaa kwa kukanyagwa. Buibui halikuongezeka urefu. Pingili za mgongo zimebonyea, na mtu aliyepungua kimo kwa sentimita 4 au zaidi anapaswa kupigwa eksirei ya uti wa mgongo. Wengine pingili huvunjika siku moja waziwazi, wanapoinama kunyanyua mtungi wa maji wa lita 20, kisha maumivu yakaitwa baridi ya mgongo na kukandwa kwa mafuta.

Swali la pili kwa jamaa ni umri ambao mama na dada wakubwa walikoma hedhi. Umri huo nao hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na mwanamke anayekoma kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari, hukosa kinga ya estrojeni kwa miaka mingi zaidi. Huyo asingoje dalili. Amwone daktari mapema kuhusu tiba ya homoni.

Ni lazima hata hivyo tutenganishe yaliyo ya jeni na yaliyo ya jiko. Mama na binti hurithishana vinasaba, lakini pia hula chungu kimoja na hukaa kivulini pamoja. Mji wetu uko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na bado mwanamke anayetoka akiwa amejisitiri mwili mzima na kushinda ndani anaweza kupungukiwa vitamini D, ambayo bila yake kalsiamu ya chakula hainyonywi vizuri. Dakika chache uani au juu ya paa la nyumba, mikono na miguu ikiwa wazi, zina faida. Kuhusu kalsiamu, mwanamke aliyekoma hedhi anahitaji kati ya miligramu 1,000 na 1,200 kwa siku, na glasi moja ya maziwa au mtindi ina takriban 300. Samaki wadogo kama simu na dagaa, wanaoliwa na miba yao, ufuta na sukuma wiki husaidia sana, ilhali mchicha, pamoja na wema wake mwingine, una oksalati zinazoizuia kalsiamu yake isinyonywe.

Zipo pia sababu zisizohusiana na ukoo ambazo lazima zitajwe kliniki: matumizi ya prednisoloni kwa zaidi ya miezi 3, baadhi ya dawa za kifafa, tenofovir kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi, uvutaji wa sigara, na wembamba uliokithiri. Asiache mtu dawa hizo kwa hiari yake. Zitajwe ili daktari apime hatari yote kwa pamoja.

Mwanamke aliyekoma hedhi ambaye mzazi wake alivunjika nyonga, au ambaye mwenyewe amevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake tu, ana haki ya kuomba kipimo cha DEXA, yaani eksirei maalumu inayopima wiani wa mifupa, bila kungoja miaka 65. Kipimo hicho hutumia mionzi kidogo sana, na majibu hutolewa kwa alama ya T, inayomlinganisha na mwanamke kijana mwenye afya. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa udhaifu kuwa -2.5 au chini yake. Mtu mwenye -1.8 hajafika mpaka huo, lakini akiwa na mama aliyevunjika nyonga hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenzake mwenye alama hiyohiyo asiye na historia hiyo, kwa hiyo ahakikishe daktari ameandika habari za ukoo kwenye faili kabla ya kuamua juu ya tiba.

Udhaifu uliotokana na urithi hutibiwa kama udhaifu mwingine. Alendronati, kidonge cha mara moja kwa wiki, humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa hukaa wima kwa nusu saa bila kulala. Mwezi wa Ramadhani wengi huiacha kwa sababu saa hiyo wamefunga. Ni vyema kuzungumza na daktari au mfamasia mwezi wa Shaabani ili wakati wa kuimeza upangwe upya. Anayechomwa sindano ya denosumabu kila miezi 6 awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa akichelewa au kuiacha bila dawa nyingine ya kushika nafasi yake, ubomoaji hurudi kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo.