Wayo umevimba, basi ndiyo UKIMWI wa paka?

Wiki hii tena. Paka hajatua vizuri mezani, mwenyewe keshatoa hukumu: "Daktari, nyayo zikivimba hivi ni UKIMWI wa paka. Mchome tu sindano, apumzike." Nikabonyeza ule mto mkubwa wa katikati ya wayo. Kidole kikadidimia kama kwenye donge la unga. Rangi imeelekea zambarau, na juu yake mistari myeupe inapishana kama wavu. Paka mwenyewe ananguruma kwa raha zake!

Hapo kinachojazana ndani ya nyayo ni seli za plazma, zile zitengenezazo kingamwili. Kinga ya mwili imechachamaa. Ni kweli paka wengi wa namna hii hukutwa na FIV, virusi vinavyoleta huo UKIMWI wa paka, ndiyo maana napima damu kila mara. Lakini wengi si wote. Wapo wenye nyayo hizi wasio na virusi, na wapo wanaoishi na virusi miaka nenda rudi, nyayo zao ngumu kama kawaida. Kutazama wayo si kupima. Na kipimo kikionyesha kuwa anavyo, bado sioni sababu ya kumuua: tangu FIV ilipogunduliwa California mwaka 1986, tumeona paka wengi wakizeeka nayo. Nyayo zenyewe hutibika, na za wengine hupona bila dawa. Sindano hiyo sichomi.

"Atatuambukiza." FIV haimwambukizi binadamu. Paka hupeana wao kwa wao, hasa kwa kung'atana.

"Ni jipu, lipasue." Usaha uko wapi? Mwiba huchoma wayo mmoja. Hapa mara nyingi huvimba zaidi ya mmoja. Navuta seli kidogo kwa sindano nyembamba, nazitazama kwa hadubini, imetosha.

"Nilimpa doksisaiklini siku tano, haikusaidia." Siku tano! Ni antibiotiki, lakini hapa tunaitumia kutuliza kinga, na hilo huchukua wiki kadhaa. Isiposaidia, ndipo tunazungumzia steroidi, dawa nyingine za kutuliza kinga. Halafu, tafadhali, usimmezeshe kidonge kikavu. Kikikwama njiani huunguza umio, na kovu lake huubana hata chakula kisipite. Akishameza tu, mpe maji kidogo kwa bomba la sindano, au chakula, papo hapo.