Mwasumini Wako Hauna Njaa

Juzi tena. Mama mmoja wa Chumbageni kanitumia picha ya mwasumini wake kwa WhatsApp. Kichaka kimepita kimo cha dirisha, majani manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. "Shikamoo Mama Miche. Mwaka wa pili huu sijaona hata ua moja. Samadi nimeweka, mbolea ya kuku nimeweka. Sasa nauliza, urea itafaa?"

Marahaba, mwanangu. Haitafaa. Mti huo umeshiba mpaka umevimbiwa.

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba mti usiotoa maua una njaa. Mti wenye njaa unajulikana: umekonda, majani madogo, yamepauka. Huo ulishe. Lakini mbolea ya kuku na urea ni naitrojeni, na naitrojeni hujenga majani na matawi. Ukiimwaga kila mwezi, mti utakupa ulichouomba, yaani majani. Nikamuuliza umepandwa wapi. "Chini ya mwembe, usije ukaungua." Haya. Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, si kivuli cha mwembe.

Jua na mbolea watu huwa wananielewa. Wanapogoma ni kwenye kukata.

Mwasumini hauzai kwenye tawi gumu la mwaka jana. Matumba hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, mara nyingi matatu pamoja. Hakuna chipukizi jipya, hakuna ua. Sasa shika tawi lolote utazame: majani yamekaa mawili mawili, yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani pana jicho dogo. Kata juu kidogo ya jozi hiyo, macho yote mawili yataamka. Tawi moja linakuwa mawili, na kila moja lina ncha yake.

Mtu akisikia hivyo huchukua mkasi wa nguo, akapunguza ncha za juu kidole kimoja, akaniambia amepogoa. Hujapogoa, umeunyoa ndevu. Kule Madurai, kusini mwa India, ambako asumini ni kilimo cha kuendeshea nyumba, wakulima hukata vichaka vyao kila mwaka, karibu na mwisho wa Novemba, hadi kimo cha kama nusu mita kutoka ardhini. Nusu mita! Mimi hapa Tanga sifiki huko. Nakata theluthi moja hadi nusu ya kichaka mwezi wa pili, ili masika yakianza yakute macho yako tayari. Matawi makavu na yaliyosongamana katikati natoa yote.

"Lakini wa bibi yangu haukukatwa hata siku moja na ulikuwa mweupe pe." Nimeshalisikia hilo. Bibi yako alikuwa akichuma kila siku alasiri kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, akivunja na vijiti vyake. Watoto walikuwa wakivunja matawi kwa mpira. Na mbuzi wa jirani walikuwa wakijilia wenyewe. Ulikuwa ukipogolewa mwaka mzima, ila hakuna aliyesema anapogoa.

Jambo ambalo siwezi kuliapia ni kiu. Wako wanaonyima maji wiki mbili kabla ya mvua ili mti ushtuke, utoe maua. Nami nafanya. Tatizo ni kwamba nakata na kunyima maji wakati mmoja, kwa hiyo maua yakija sijui nimshukuru nani. Na mmoja wa kwenye chungu niliuua hivyo hivyo, kwa kiu, huku nikijisifu. Wa kwenye chungu usiufanyie.

Majani yakigeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, hiyo ni ardhi yetu ya mawe ya matumbawe. Mti unashindwa kufyonza madini ya chuma. Changanya mboji nyingi. Utitiri mwekundu, puliza maji kwa nguvu chini ya majani.

Na chuma alasiri, tumba likiwa limejaa na jeupe lakini bado limefumba. Litafunguka usiku ndani ya bakuli. La asubuhi limeshamaliza harufu yake usiku.

Jana usiku yule mama kanitumia ujumbe wa sauti. Amekata, roho inamuuma, na rundo la matawi liko uani: je, akiyapanda yatashika? Hilo ndilo swali. Chukua yenye unene wa penseli, urefu wa shibiri, yasiwe mabichi sana wala makavu. Toa majani ya chini, acha mawili juu, fukia vifundo viwili kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini. Hapo mwembe una kazi. Baada ya wiki nne mpaka sita vuta kidogo; likikataa kutoka, limeshika. Na mbolea ya kuku ibaki stoo.