Kuyeyuka, Hewa Chafu na Nishati ya Bondi: Dhana Potofu za Kemia kwa Wanaoanza Biolojia

Mwanafunzi anayeanza biolojia huingia darasani akiwa tayari na kemia aliyoiokota jikoni, dukani na mtaani, na sehemu kubwa ya kemia hiyo imejificha ndani ya maneno anayoyatumia kila siku. Lichukue neno kuyeyuka. Barafu iliyoachwa mezani inayeyuka, na chumvi iliyotiwa kwenye mchuzi nayo tunasema imeyeyuka. Neno ni moja, lakini yanayotokea ni mambo mawili. Barafu hugeuka kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa nguvu ya joto peke yake. Ili chumvi ya mezani iyeyuke kwa maana hiyo ingehitaji nyuzi 801 za Selsiasi, na sufuria ya alumini yenyewe ingekuwa imeshayeyuka kwenye nyuzi 660. Ndani ya mchuzi chumvi humumunyika: molekuli za maji huzizingira ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi na kuzitenga moja moja. Sukari nayo humumunyika, lakini molekuli zake huachana tu, kila moja ikibaki nzima kama ilivyokuwa.

Tofauti hii ina uzito wa uhai. Mtoto anayeharisha hunyweshwa maji yenye chumvi na sukari, na mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi katika kila lita. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayozipokea ioni za sodiamu pamoja na molekuli ya glukosi na kuzivusha kwa pamoja, kisha maji hufuata. Anayedhani kwamba chumvi ikiwa majini ni punje zilezile zilizokuwa ndogo mno kuonekana hawezi kueleza protini hiyo inashika nini, wala atakapofika kwenye mishipa ya fahamu hataelewa kwa nini sodiamu huenda njia yake na kloridi njia yake.

Kuhusu neno kemikali sitakaa sana. Sokoni limekuja kumaanisha sumu, hata mboga husifiwa kwamba hazina kemikali, ilhali maji, wanga na damu vyote ni kemikali. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea, ileile iliyomo kwenye mkojo, bila figo wala mnyama yeyote, na urea hiyo haikutofautiana kwa lolote na ile ya mwilini.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni ile tuliyoikariri tangu shule ya msingi: tunavuta hewa safi, yaani oksijeni, na kutoa hewa chafu, yaani kabonidioksidi. Kwa kweli hewa tunayoivuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Tunayoitoa bado ina oksijeni karibu asilimia 16, na kabonidioksidi karibu asilimia 4. Ndiyo maana pumzi ya mwokoaji anayempulizia mtu aliyezama inaweza kumfaa. Wala kabonidioksidi si uchafu. Ikimumunyika katika damu huzaa ioni za bikaboneti zinazosaidia kuituliza asidi ya damu, na kinachomlazimisha mtu aliyebana pumzi kuiachia ni hasa kupanda kwa kabonidioksidi, si kupungua kwa oksijeni. Tena kaboni yote iliyomo kwenye unga wa ugali ilikuwa kabonidioksidi angani kabla ya jani la mhindi kuinasa. Wengi huamini kwamba mmea hujengwa kwa udongo. Udongo hutoa madini na maji, lakini uzito mkavu wa bua na wa punje umetoka zaidi hewani. Nayo oksijeni inayotolewa na jani haitoki kwenye kabonidioksidi, bali hutokana na maji yaliyopasuliwa kwa mwanga.

Sasa nifike kwenye dhana ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo huharibu masomo mengi kuliko zote, kwa kuwa vitabu vyenyewe huichochea: kwamba nishati imehifadhiwa ndani ya bondi za kikemia, yaani vifungo vinavyoshikanisha atomu, na kwamba bondi ikivunjika nishati hutoka. Ukweli ni kinyume chake. Kuvunja bondi daima hugharimu nishati, na nishati hutolewa pale bondi mpya zinapoundwa. Liangalie jiko la mkaa. Mkaa haujiwashi, lazima kwanza upatiwe moto wa kuanzia, kwa sababu kuna bondi za kuvunja. Ukishakolea, funga mlango wa jiko na uzibe juu, nao utafifia na kuzima ukiwa bado umejaa. Kama joto lingekuwa limefungiwa ndani ya mkaa peke yake, lisingehitaji hewa ili litoke. Joto hupatikana kwa sababu kaboni na oksijeni zinaposhikana kuwa kabonidioksidi, bondi mpya ni imara kuliko zile za mwanzo, na tofauti hiyo ndiyo inayochemsha maharage.

Hesabu ni hiyohiyo ndani ya seli. ATP, molekuli yenye fosfati tatu ambayo seli huitumia kuendeshea kazi zake, iliyogunduliwa mwaka 1929, huelezwa kama fuko la nishati linalopasuka fosfati ya mwisho inapong'olewa. Lakini fosfati hiyo haing'oki bure: hupokewa na maji au na molekuli nyingine, na bondi mpya huundwa papo hapo. Kinachotolewa, takriban kilojuli 30.5 kwa kila moli katika hali sanifu, ni ziada inayobaki baada ya gharama ya kuvunja kulipwa, na ziada hiyo huwepo kwa sababu fosfati tatu zenye chaji hasi zilizobanana hazikuwa na utulivu, ilhali mazao yake yametulia zaidi. Hivyo ndivyo seli inavyoweza kusukuma nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila ATP moja: fosfati hubandikwa kwenye protini ya pampu, nayo pampu hubadili umbo.

Limebaki suala la pH, kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka kadiri ioni za haidrojeni zinavyozidi, kilichobuniwa na Søren Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909. Wanafunzi hukisoma kama rula, wakaona kwamba kushuka kutoka 7.4 hadi 7.1 ni jambo dogo. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, na kushuka huko kwa 0.3 katika damu ni kuongezeka maradufu kwa ioni za haidrojeni, hali inayompeleka mgonjwa hospitalini. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, pH hufika karibu 10. Samaki wengi wa maji baridi hutoa amonia kupitia mashavuni, na ioni za haidrojeni zilizomo majini huinasa. Katika maji ya Magadi ioni hizo ni haba mno, hivyo amonia ingerundikana mwilini na kumuua samaki. Perege wa ziwa hilo huitengeneza kuwa urea, kisha huitoa urea hiyo majini.