Taya limerekebishwa, mgonjwa bado yuko wodini: maswali ya ndugu anayemuuguza

Upasuaji wa kurekebisha taya hufanyiwa mtu ambaye taya lake la juu na la chini hayakutani sawasawa: meno ya mbele hayafungi, au taya la chini limetangulia mno, hata kutafuna nyama kunakuwa kazi. Daktari hukata mfupa, huusogeza mahali pake, kisha huushikiza kwa vibati na skurubu ndogo za titani. Kazi kubwa namna hii hufanyika kwenye hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa Kigoma hulazwa mbali na kwao, akiuguzwa na ndugu mmoja. Huyo ndugu ndiye ninayemwandikia, maana siku za mwanzo mgonjwa mwenyewe hawezi kuuliza kitu.

Mwanangu alitoka chumba cha upasuaji akiwa nafuu, leo siku ya pili uso umejaa hata simtambui. Wamemharibu?

Hapana, mama. Uvimbe wa upasuaji huu huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, ndipo uanze kushuka. Kwa kawaida hukatwa kupitia ndani ya mdomo, ndiyo maana huoni kidonda shavuni, lakini humo ndani mfupa umekatwa na nyama imesukumwa. Uvimbe mwingi huisha wiki za mwanzo, na unaobaki kidogo huchukua miezi.

Mlaze kichwa kikiwa juu, mito miwili au kitanda kikiwa kimeinuliwa. Saa 48 za mwanzo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika chache kisha pumzisha. Najua kwetu mtu akivimba tunakimbilia kumkanda kwa maji ya moto, na mwingine atatoa chupa ya mawese aanze kuchua. Tafadhali usimchue. Ule mfupa umeshikwa na vibati tu, bado haujaunga. Maji ya uvuguvugu yana wakati wake baadaye, daktari atakwambia.

Ametapika kitu cheusi. Na taya zake zimefungwa pamoja, mdomo haufunguki!

Hilo jeusi mara nyingi ni damu ya zamani aliyoimeza wakati wa upasuaji. Mwite muuguzi, na usimlaze chali. Mkalishe, ainamishe kichwa mbele, matapishi yatoke. Kwa kuwa anakunywa vya majimaji tu, matapishi hupita kati ya meno na nyuma ya magego. Wodini kuna mashine ya kunyonya mate na damu. Siku ya kwanza muuguzi akuoneshe ilipo.

Jambo la kulijua kabla ya usiku wa kwanza ni hili: taya limefungwa kwa raba au kwa waya? Raba hukatwa kwa mkasi, waya kwa koleo maalumu. Kifaa hicho kikae karibu na kitanda, na uoneshwe pa kukata endapo atashindwa kupumua. Usione haya kuuliza mara mbili.

Mbona mdomo wa chini umekufa ganzi?

Mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu hupita ndani ya mfupa wa taya la chini, palepale panapokatwa. Wengi hurudiwa na hisia baada ya wiki au miezi, ingawa baadhi hubaki na ganzi kidogo. Hatari yake ya leo ni uji wa moto: ataungua na hatajua. Jaribu wewe kwanza kwenye kifundo cha mkono wako.

Atakula nini?

Hapa ndipo ndugu anapookoa mtu. Mgonjwa huyu hukonda haraka, na mfupa hauungi kwa chai ya rangi. Mpe kidogo kidogo, mara sita hadi nane kwa siku: uji mwepesi wenye maziwa, karanga zilizosagwa laini kabisa, parachichi lililopigwa kwenye blenda na maziwa, supu ya kuku au ya samaki wa migebuka iliyochujwa. Chuja kila kitu. Mwiba mmoja au punje ya dona ikinasa kwenye waya ni mateso. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, au kikombe. Mrija wa kunyonyea usubiri ruhusa ya daktari. Maji naye asiyasahau, kwa sababu dawa kali za maumivu na kutokula mboga huleta choo kigumu.

Baada ya kila mlo asukutue kwa maji ya chumvi, na akiruhusiwa, mswaki mdogo wa mtoto.

Kipi ni cha kukimbilia muuguzi mara moja?

Pumzi nzito au ya kukoroma ghafla. Damu mbichi isiyokoma. Matone machache ya damu puani baada ya upasuaji wa taya la juu ni kawaida, ila asipenge kamasi. Baadaye: homa, usaha, uvimbe uliokwisha kushuka ukapanda tena, au meno kufunga tofauti na jana.

Tutarudi lini Kigoma?

Wengi hulala wodini siku chache tu, lakini kutoka wodini na kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 ni mambo mawili. Muulize daktari tarehe ya kumwona tena, na kama inawezekana mkae kwa ndugu mjini hadi ipite. Mfupa huchukua kama wiki sita hadi nane kuunga, na muda huo hakuna ugali, hakuna sigara. Siku ya safari bebeni chupa za uji na maziwa ya kutosha njia nzima, barua ya hospitali ya kumpa daktari wa meno wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, na ule mkasi au koleo. Visiwe kwenye begi lililowekwa kwenye buti la basi. Viwe mkononi mwako.