Mizunguko 50 ya hisani: maswali kabla ya filimbi

Wanafunzi wa kidato cha tatu, Dar es Salaam, wanataka kukimbia mizunguko 50 ya uwanja wa mita 400, yaani kilomita 20, mwezi Februari, ili kuchangia matibabu ya watoto wenye sikoseli. Mwalimu wao, mzazi mmoja na mwanafunzi wameniuliza haya.

Mwalimu: Vijana wana nguvu zao. Kilomita 20 zitawashinda?

Anayecheza mpira kila jioni huenda akazimaliza. Mimi naogopa karatasi ya michango kuliko umbali. Mfadhili akiahidi shilingi 1,000 kwa kila mzunguko, mtoto aliyeshikwa na kizunguzungu baada ya mzunguko wa 31 atapiga hesabu ya elfu kumi na tisa anazoziacha uwanjani, na hatasimama. Ombeni ahadi ya jumla kwa darasa zima. Kisha wakimbie kwa kupokezana, wanne wanne, mizunguko miwili kwa zamu: watatu watapata 12 kila mmoja, wa nne 14, na kupumzika kivulini kati ya zamu. Mchango haupungui hata senti.

Anzeni saa 12 asubuhi, saa 3 uwanja uwe mtupu. Unyevu wa pwani huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi.

Mwanafunzi: Tunywe maji mengi kadiri tuwezavyo?

Hapana. Fuata kiu. Maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Kichefuchefu na kichwa kuuma ukiwa tayari umekunywa chupa kadhaa si dalili za kuongeza nyingine.

Mzazi: Binti yangu ana sikoseli na amekataa kukaa pembeni. Mbio hizi ni za wenzake wenye sikoseli, anasema.

Ana hoja, dada. Mpelekeni kwanza kliniki anakohudhuria, daktari ndiye aamue. Upungufu wa maji na kuchoka kupita kiasi hufanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu, zizibe mishipa midogo, na maumivu yake anayajua mwenyewe. Akiruhusiwa, atembee mzunguko mmoja mmoja, apumzike kabla hajachoka, anywe mara kwa mara. Wanafunzi wenzake wasimmwagie maji ya baridi kwa furaha: baridi ya ghafla nayo huamsha maumivu. Kifua kikimbana au mifupa ikianza kuuma, hospitali papo hapo.

Mwalimu: Mtoto akianguka?

Muulize jina lake na siku ya leo. Akijibu ovyo, au alikuwa akiyumba kama mlevi, chukulia kwamba joto limempanda kichwani, hata kama bado anatoka jasho. Wengi hudanganywa na hilo jasho. Kivulini, vua fulana na viatu, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma, mpepee, barafu makwapani na shingoni. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Gari liitwe wakati huohuo, lakini kupoza kusisubiri gari, na ndani ya gari kuendelee.

Mwanafunzi: Kesho yake tukiumwa miguu?

Ya kawaida, siku mbili tatu. Ila misuli ikivimba na kukakamaa, na mkojo ukatoka na rangi ya chai ya rangi, misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Usinywe diklofenaki, dawa ya maumivu, ukalala. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaambie ulikimbia.