Mauntingi ya injini: kazi yake, dalili za kuchoka na namna ya kuibadilisha nyumbani

Mauntingi ya injini ni kipande cha mpira mzito kilichogandishwa kati ya vyuma viwili, kimoja kikifungwa kwenye injini au giaboksi na kingine kwenye bodi ya gari. Inafanya kazi mbili zinazopingana: kuishikilia injini isihame mahali pake, na papo hapo kuiachia icheze kidogo ili mtetemo wake usifike kwenye usukani na viti. Chuma kitupu kingeishikilia injini vizuri zaidi, lakini abiria wasingekaa kwa raha. Injini ya silinda nne huwasha mafuta mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo gari lililosimama likiwa linaunguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika hupigwa mipigo 25 kila sekunde. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliufanya utulivu huo kuwa kivutio cha biashara, ilipotoa gari la Plymouth ambalo injini yake ilibebwa na mipira kwa mfumo ulioitwa Floating Power. Muda si mrefu Citroën ya Ufaransa nayo ikapata haki ya kuutumia.

Katika gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama zile Corolla za miaka ya 1990 ambazo bado zimejaa barabarani kwetu, injini hulala kwa upana na kwa kawaida hushikwa na mauntingi tatu au nne. Za pembeni ndizo hubeba sehemu kubwa ya uzito, na za mbele na nyuma huizuia injini isijiviringishe dereva anapokanyaga mafuta. Hizi za pili zinateseka kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kuwa difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imo ndani ya giaboksi hiyohiyo, mauntingi hupokea msukumo ambao gia ya kwanza na difu zimekwisha kuuzidisha zaidi ya mara 10 ya ule unaotoka kwenye injini yenyewe, na ndiyo maana dereva mwenye tabia ya kuondoka kwa kishindo huzimaliza mapema.

Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka tu, hata kama gari halitembei sana, lakini adui wake mkubwa ni oili. Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ikivujisha, oili huteremka ubavuni mwa injini na kuuloweka mpira mpaka unavimba, unalainika na kubanduka kwenye chuma chake. Kubadilisha mauntingi huku uvujaji umeachwa ni kupoteza fedha. Zipo pia mauntingi zenye umajimaji ndani, ambazo hupasuka na kuacha alama nyeusi za unyevu chini yake. Hizo zikishavuja hazitengenezeki.

Kwa gari la otomatiki, dalili ya kwanza huwa mtetemo unaozidi gari likiwa limesimama kwenye foleni, gia ikiwa kwenye D (ya kwenda mbele) na mguu kwenye breki, kisha ukapungua ukiweka N (huru). Baadaye hufuata mgongano wa chuma kwa chuma, «ngo!», unapotoka R (ya kurudi nyuma) kwenda D. Ili kuhakikisha, fungua boneti, vuta breki ya mkono, na mwombe mtu akanyage breki kwa nguvu huku akibadili gia kati ya D na R na kugusa mafuta kidogo sana. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka na kutua kwa kishindo, mulika kila mauntingi kwa tochi, utafute ufa unaopita katikati ya mpira au upande uliokwisha kugusana chuma kwa chuma. Mauntingi moja ikifa, zilizobaki hubeba mzigo wake, kwa hiyo usiridhike na ile ya kwanza kuonekana mbovu.

Kuhusu spea, sishauri kununua ya mtumba, kwa sababu mpira uliotolewa kwenye gari la umri uleule umezeeka sawasawa na wako. Zile mpya za bei ya kutupa nazo mara nyingi huwa na mpira mgumu kupita kiasi, na gari likatetemeka kuliko mwanzo.

Kazi yenyewe hufanyika injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare. Ng'oa waya wa hasi wa betri, zuia magurudumu ya nyuma, na ikibidi kuingia chini, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Weka kipande cha ubao mnene kati ya jeki ya pili na sampu (karai la oili chini ya injini), maana sampu ikibanwa na chuma hubonyea, kisha inua mpaka uzito uitoke tu mauntingi. Ukizidisha, utavuta mipira ya rejeta, nyaya na paipu ya ekzosi. Fungua mauntingi moja, uiweke mpya, ndipo uende kwenye nyingine. Ukizilegeza zote pamoja, injini itahama na matundu ya bolti hayatalingana tena.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Bolti mpya zifungwe kwa mkono tu mpaka zote ziwe zimeingia, kisha jeki ishushwe, injini iketi kwa uzito wake wenyewe na itikiswe kidogo, na baada ya hapo ndipo zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha matengenezo cha gari husika. Zikikazwa injini ikiwa bado imeinuliwa, mpira hubaki umepindwa muda wote, hutetemesha gari lililosimama, na huchanika kabla ya wakati wake.

Washa gari, urudie lile jaribio la D na R. Kama kishindo kimeisha lakini gari linaendelea kutikisika kwa mapigo yasiyo sawa hata likiwa kwenye N, angalia plagi na koili kabla ya kununua mauntingi nyingine.