Je, wajua? Sindano ya homoni mbili haina homoni mbili ndani yake

Nilidhani ni mchanganyiko. Nilipoambiwa kuna sindano ya kisukari aina ya pili inayofanya kazi za homoni mbili na kupunguza uzito, nikajua ni dawa mbili zilizokorogwa pamoja, kama ndizi na nyama kwenye mtori. Hata mjomba wangu wa Kibosho nilimweleza hivyo, tena kwa kujiamini.

Dawa yenyewe ni tirzepatidi, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2022 kwa jina la Mounjaro (litamke hapa Moshi uone watu wanavyogeuka kutazama mlima). Ndani mna molekuli ya aina moja tu: uzi mmoja wa amino asidi 39 (vijenzi vya protini), zimetungwa kama shanga. Uzi huohuo ndio unaoigiza GIP na GLP-1, homoni ambazo utumbo humwaga kwenye damu mtu akishakula.

Inawezekanaje? Rafiki yangu anauza mitumba soko la Memorial. Asubuhi moja kapoteza ufunguo. Jirani yake akajaribu wa kwake kwa utani, kufuli likafunguka. Makufuli ya bei rahisi ya chapa moja, meno ya funguo zake hukaribiana mno. GIP na GLP-1 nazo ni za ukoo mmoja, na vipokezi vyake (makufuli ya kwenye seli ambayo homoni huyafungua) vinafanana kiasi kwamba wakemia waliweza kuchonga ufunguo mmoja wa kuingia kote. Walianza na umbo la GIP, wakabadilisha shanga hapa na pale. Ndiyo maana kwenye kufuli la GIP unateleza vizuri, kwenye la GLP-1 mpaka uutikisetikise.

Makufuli yakifunguka, kongosho hutoa insulini sukari inapopanda, tumbo huchelewa kumwaga chakula, ubongo huhisi shibe. Kwa hiyo hakuna mafuta "yanayoyeyushwa". Mtu anakula kidogo, wengine kwa kichefuchefu juu. Na sindano ni moja kwa wiki, kwa sababu uzi una mkia wa mafuta unaodandia protini ya damu kama konda mlangoni mwa Hiace. GLP-1 ya asili nusu yake hupotea ndani ya dakika 2 hivi. Hii, siku 5.

Katika jaribio la wiki 72 lililotolewa 2022, wasio na kisukari waliopewa dozi ya juu walipungua wastani wa karibu asilimia 21 ya uzito wao. Wenye kisukari hupungua chini ya hapo, na wanaoacha dawa uzito huanza kuwarudia.

Sasa kituko. Dawa nyingine iliyo kwenye majaribio, maridebati kafraglutidi, hufungua kufuli la GLP-1 lakini la GIP hulitia gundi. Uzito nao ukashuka, tena sana. Baadhi ya watafiti wanahisi kipokezi cha GIP kikisukumwa mfululizo huchoka na kujifunga chenyewe, hivyo kukifungua na kukitia gundi huishia palepale, ila ushahidi bado ni mwembamba. Mjomba nimeshamrekebishia habari ya mtori, na ya ufunguo ameielewa. Hili la gundi sijampelekea.